Nyumba Nambari Kumi na Nne

Fundi wa rangi ndiye aliyemwona kwanza. Alifika Tulivu Court, Gatongora, Jumatatu saa mbili asubuhi akiwa na ndoo mbili za rangi ya maziwa. Akafungua kufuli la mlango wa chuma wa nyumba nambari kumi na nne kwa ufunguo wa akiba wa meneja, akapanda ngazi ili aanze na vyumba vya juu. Alishuka bila ndoo.

Saa tatu kasorobo Inspekta Mukonyo wa kituo cha Ruiru alikuwa amesimama katika chumba cha kulala cha nyuma. Mzee alikuwa amelala kwa ubavu kando ya ukuta, amevaa fulana na suruali ya kitambaa, koti lake limekunjwa vizuri chini ya kichwa. Viatu vyake vilikuwa karibu na mlango, kimoja kando ya kingine. Hakuna damu. Hakuna jeraha. Shati lake jeupe lilikuwa limefungwa kwenye nondo za dirisha kwa mkono mmoja, na upepo ulikuwa ukilipeperusha juu ya mashamba ya kahawa.

"Afande, mwizi aliingilia hapo," alisema Konstebo Chege, akionyesha kioo cha dirisha kilichovunjika. "Akamkuta mzee ndani, akammaliza, akatoka na kumfungia."

"Mwizi mwembamba kiasi gani?"

Chege alitazama nondo. Ngumi haingepita katikati yake.

Mukonyo aliinama, akapitisha kidole sakafuni chini ya dirisha. Hakupata hata chembe ya kioo. Kisha akatazama nje. Vipande vyote vilikuwa chini, kwenye nyasi. Alikwenda mlangoni, akachukua kiatu cha kushoto na kukigeuza. Kisigino kilikuwa na mikwaruzo myeupe.

"Aliyevunja alikuwa ndani," alisema. "Twende chini."

Upande wa ndani wa mlango wa chuma ulikuwa umechubuka rangi mahali pamoja, usawa wa kifua cha mtu, mahali pa ukubwa wa sahani. Mukonyo alipima pale kwa futi, akapiga picha. Alipita jikoni, akapita chooni, akarudi juu bafuni. Nyumba ilikuwa na mabomba matano, na yote matano yalikuwa yamefunguliwa hadi mwisho. Maji hayakuwa yameunganishwa bado. Hakukuwa na hata tone.

"Hakuuawa na mwizi," alisema. "Alifungiwa. Na alikaa humu muda mrefu."

Jambo moja tu lilimsumbua, akaliandika peke yake kwenye ukurasa wake. Sebule ya chini ilijaa vumbi la saruji kama nyumba zote mpya, lakini vyumba vya juu vilikuwa vimefagiwa. Vumbi lilikuwa limekusanywa pembeni, na kando yake kulikuwa na kipande cha mfuko wa saruji kilichokunjwa mara nne, kikachakaa upande mmoja.

Kitambulisho kilikuwa mfukoni. Kyengo Maluki, umri wa miaka sitini na mmoja. Pesa zake hazikuguswa. Katika koti kulikuwa na daftari dogo la shule lenye jalada la buluu.

Mlinzi wa geti aliitwa Kahiga, mtu wa makamo mwenye koti la kijani lililokuwa kubwa kumshinda. Alileta kitabu cha wageni kabla hajaulizwa, akakifungua Ijumaa.

"Huyu hapa, afande. Kyengo, nyumba kumi na nne. Kuingia saa tisa na dakika arobaini. Kutoka saa kumi na moja. Ameweka sahihi. Mimi nikajua ameenda."

Mukonyo aliweka kitambulisho cha mzee juu ya ukurasa. Sahihi ya kuingia ilifanana na ile ya kitambulisho. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono mzito, hata karatasi ya nyuma ilikuwa na alama. Ile ya kutoka ilikuwa mstari mwepesi wenye mkia.

"Muuaji ndiye aliyemtilia sahihi," Chege alinong'ona.

"Ngoja." Mukonyo alipeleka kidole juu, kisha chini. "Kahiga, Ijumaa watu wanne walitoka saa kumi na moja kamili. Alhamisi watatu, saa kumi na moja kamili. Na wote wana mkia huu huu mmoja."

Kahiga alivua kofia.

"Ni mimi," alisema. "Watu hutoka bila kusaini. Wana magari, wana haraka. Meneja akikuta nafasi wazi, anakata siku yangu. Sasa nikimaliza zamu najaza."

"Kwa hiyo hukumwona akitoka."

"Sikumwona."

"Kuna mtu aliyemuulizia?"

"Jumamosi mapema. Mama fulani alipiga simu ya geti, sauti ya mtu mzima. Akauliza kama mzee wake bado yuko huku. Nikamsomea kitabu."

"Ukamwambia ametoka."

"Nilimsomea tu kilichoandikwa, afande."

Mukonyo alichukua kile kitabu, akakitia katika mfuko wa vielelezo.

Mkabala na nyumba kumi na nne, ni nyumba nambari tisa peke yake iliyokuwa na watu. Wamboi, mama kijana aliyehamia hapo wiki mbili zilizopita, alikuwa akianika nguo za mtoto.

"Kugonga nilisikia," alisema. "Lakini hapa kunagongwa kila siku. Vigae, mabati, milango."

"Lini?"

"Jumamosi asubuhi. Nakumbuka vizuri kwa sababu lori la mawe ya kabro, yale ya kutandika barabarani, lilikwama katikati ya geti kutoka saa moja mpaka saa saba mchana. Hakuna gari lililoingia wala kutoka. Nilibeba mtungi wa gesi kwa mikono kutoka barabarani, nikifika hapa mgongo umeniisha. Ndipo nikasikia ko, ko, ko. Nikasema, aiya, hawa mafundi hawachoki?"

"Saa ngapi?"

"Kama saa nne hivi."

"Ulisikia tena?"

Wamboi alishika shati la mtoto bila kulianika. "Jumapili, tukitoka kanisa. Lakini kidogo kidogo sana. Nikaongeza sauti ya redio." Alimtazama inspekta. "Ni yeye alikuwa anagonga?"

"Asante kwa kutuambia," alisema Mukonyo.

"Madam, ni yeye?"

"Ni yeye."

Mzee Kyengo alikuwa akiishi Thika, katika nyumba za matofali nyuma ya kiwanda cha nguo ambacho mashine zake zilikuwa zimeuzwa. Polisi wa Thika walikuwa wamekwisha kumpa mkewe habari. Mukonyo alimkuta Mama Mwelu ameketi kwenye kiti cha mbao katikati ya maboksi yaliyofungwa kamba. Majirani walisogea wampe nafasi.

"Pole, Mwaitu," alisema Mukonyo, akimwita mama kwa Kikamba.

"Nimeshapoa, mwanangu. Uliza unachotaka kuuliza."

"Alikuwa na simu?"

"Tuna moja. Ijumaa aliniachia mimi."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Sukari. Sindano asubuhi na jioni. Ya Ijumaa jioni bado iko kwa jirani, kwa friji. Alisema atarudi kabla ya saa moja."

Mukonyo aliandika. "Msichana wa wakala wa nyumba aliyempeleka ameniambia kwa simu kwamba alimwacha huko saa kumi na robo akipima vyumba. Dakika chache baadaye mwenzake aliingia na wateja, naye anasema aliita, kisha akafunga. Mzee hakujibu. Ndilo jambo ninalotafuta. Kwa nini hakujibu?"

Mama Mwelu aligusa sikio lake. "Miaka thelathini na tatu kando ya mashine za kufuma. Hili la kulia lilikufa kabisa. La kushoto ungemkaribia ndiyo asikie. Hata mimi nikitaka kumwita nilikuwa namgusa bega."

"Angesikia mtu akiita kutoka chini?"

"Hata mngekuwa kumi."

Mukonyo alitoa lile daftari la buluu. Mama aliligusa kwa kidole kabla ya kulipokea. Hakusoma, alimrudishia inspekta. "Nisomee wewe. Macho yangu leo hayafai."

Ilikuwa orodha ya nyumba. Kiwanda kilipouza ardhi, wafanyakazi wa zamani walipewa barua za kuhama, na mzee na kiinua mgongo chake akaanza kutafuta nyumba yake ya kwanza akiwa na miaka sitini. Alikuwa ameandika kila mahali alipofika. Mwihoko, vyumba viwili, dirisha linatazama ukuta. Juja, nzuri, lakini wiki ya pili bei imepanda. Juja tena, imechukuliwa tukiwa njiani. Mwihoko, ngazi mbaya kwa goti la Mwelu. Zilikuwa nyumba kumi na tisa. Ya mwisho ilikuwa Gatongora. Jikoni inapata jua la asubuhi. Goti, kitanda tuweke chini. Chini ya hapo kulikuwa na vipimo vya vyumba vya chini vyote na chumba kimoja cha juu. Cha pili kilikuwa na urefu tu, upana haukuandikwa.

"Nilimwambia twende pamoja," alisema Mama Mwelu. "Akasema, wewe umechoka na nyumba za watu, hii nitakupeleka nikishajua ni yetu."

Jirani mmoja alianza kulia, wengine wakamtoa nje.

"Kuna kitu sikukielewa," alisema Mukonyo. "Vyumba vya juu vilikuwa vimefagiwa. Kwa kipande cha karatasi."

"Ni yeye." Mama hakushangaa. "Hakukaa mahali pachafu. Hata uwanja wa hapa, ardhi ya kampuni, alikuwa anafagia yeye. Basi alijua atafunguliwa. Mtu haogopi halafu afagie."

Mukonyo alifunga daftari lake. "Usiku wa Ijumaa ulifanya nini?"

"Nilimpigia yule msichana wa nyumba, Tabby. Akasema labda mzee amepitia kwa rafiki. Asubuhi nikapiga geti, wakasema ametoka. Tabby naye akaniambia mwenzake ameenda akaangalia ndani, hakuna mtu. Sasa kama geti wamesema ametoka, na ndani ameangaliwa, ningemtafuta huko kwa nini? Nilizunguka hospitali. Nikazunguka mochari. Siku mbili nilikuwa natafuta kwa waliokufa, na yeye yuko hai."

Jumanne asubuhi taarifa ya daktari ilikuwa mezani Ruiru. Sukari iliyopanda, na kukosa maji. Kifo kilitokea Jumapili, kati ya saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni.

Tabby alihojiwa kwanza. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, macho yamevimba. Hakuficha kitu.

"Nilikuwa na mteja mwingine Mwihoko. Mzee akaniomba, binti yangu, niachie nafasi nimalize kupima. Kufuli lilikuwa linaning'inia mlangoni na ufunguo wake. Nikamwambia akimaliza afunge, aachie mlinzi. Sikujua Austine anakuja na watu wake."

"Jumamosi ulifanya nini?"

"Nilimpigia Austine saa tatu. Nikamwambia, ufunguo wa kumi na nne unao wewe, mzee hajafika nyumbani, pitia uangalie. Akasema sawa." Alifungua simu, akaisukuma mezani. Ujumbe ulikuwa wa saa nne na dakika tano. *Nimecheki. Hakuna mtu.*

"Kwa nini hukuenda mwenyewe?"

Tabby alifuta uso kwa kiganja. "Kwa sababu alisema amecheki."

Austine aliingia saa tano, kijana mrefu, shati limepigwa pasi, viatu vyenye ncha. Aliketi kabla ya kuambiwa aketi.

"Madam, mimi sijaua mtu."

"Hakuna aliyesema umeua. Nieleze Ijumaa."

"Nilileta mtu na bibi yake. Tukakuta mlango wazi, ufunguo uko. Niliita, 'Kuna mtu?' Kimya. Walipenda jikoni, wakasema juu wataona siku nyingine, walitaka walipe kabla mwingine hajawawahi. Siku hizi ukilala dakika kumi, nyumba imeenda. Nikafunga, tukaenda ofisini."

"Hukupanda juu."

"Ijumaa, hapana."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi Tabby alinipigia, nikaenda kucheki."

"Polepole. Ulifika saa ngapi?"

"Saa nne kasoro."

"Kwa usafiri gani?"

"Kwa gari langu. Niliingia mpaka mlangoni, nikaegesha mbele ya kumi na nne kama kawaida. Nikafungua kufuli, nikaita. Nikapanda."

"Vyumba vyote?"

"Vyote. Dakika tano, nikashuka, nikafunga."

"Geti hukukuta shida yoyote?"

"Shida gani? Soja wa geti ananijua. Alinifungulia nikapita."

Mukonyo aliandika hadi mstari wa mwisho, akageuza karatasi. "Isome. Ikiwa ni maneno yako, tia sahihi."

Austine alisoma kwa haraka, akatia sahihi. Mukonyo aliivuta karatasi kwake, akaiweka chini ya kiganja.

"Jumamosi, kutoka saa moja mpaka saa saba mchana, lori la mawe lilikuwa limekwama katikati ya lile geti. Mawe yalimwagika mpaka kwenye mtaro. Hata baiskeli ilibebwa begani. Gari lako lilipitia wapi?"

Nje, mtu alikuwa akicheka kwenye dawati la kupokea wageni. Chege aliinuka akafunga mlango.

"Nilikuwa Juja," Austine alisema hatimaye.

"Ukifanya nini?"

"Wanafunzi. Vyuo vinafunguliwa, kila mtu anataka chumba siku hiyo hiyo. Walikuwa kumi na wawili, wamenizunguka. Ningetoka kidogo tu, ajenti mwingine angewachukua." Alikuwa amepunguza sauti. "Na nilijua hakuna mtu. Mimi mwenyewe ndiye nilifunga, madam. Nilijua. Nilimwandikia Tabby hivyo ili mama atulie."

"Ufunguo ulikuwa wapi?"

Austine aligusa mfuko wa suruali yake bila kufikiri, kisha akautoa mkono.

"Saa nne ya Jumamosi alikuwa akigonga ule mlango kwa kiatu," alisema Mukonyo. "Jirani alimsikia. Jumapili baada ya kanisa alikuwa bado anagonga."

Austine alitazama meza.

"Kutoka Juja ni dakika ishirini," alisema. Hakuna aliyemuuliza.

Alipopelekwa seli, Chege alibaki amesimama karibu na kabati.

"Afande, tunaandika kosa gani? Kufunga mlango si kosa. Kudanganya kwa simu si kosa."

"Andika jinsi ilivyokuwa, saa kwa saa. Ofisi ya mashtaka itasema ni uzembe uliosababisha kifo, au itasema si kitu."

"Na Kahiga?"

"Kahiga pia. Mmoja aliandika ametoka, mwingine akaandika hayupo. Weka kitabu na simu katika faili moja."

Simu ya mezani ililia. Alikuwa meneja wa Tulivu Court. Alitoa pole. Kisha akauliza utepe wa polisi utaondolewa lini, kwa sababu wale wateja wa Ijumaa wamekataa nyumba, na kuna mteja mwingine anayetaka kuiona.

"Amejua kilichotokea humo?" Mukonyo aliuliza.

"Amejua. Anauliza kama bei itashuka."

Mukonyo aliweka simu chini.

Alhamisi Mama Mwelu alikuja Ruiru kuandikisha maelezo yake na kuchukua barua ya kumtoa mumewe mochari. Alivaa nguo yake ya kanisani. Mukonyo alimletea chai, akamketisha upande wa meza wenye jua, akajaza karatasi mwenyewe. Jina la marehemu. Umri. Kazi. Mama alijibu kila kitu bila kusita.

"Makao ya marehemu?"

Mama aligeuza kikombe cha chai.

"Niandike Thika, Mwaitu?"

"Thika si kwetu. Barua yao inasema tarehe thelathini sisi si wakazi tena, na tarehe thelathini ni kesho."

"Ukambani mna shamba?"

"Baba yake aliuza, yeye akiwa bado mtoto. Ndiyo sababu tulikuja huku." Alishika kikombe kwa mikono yote miwili. "Watu wananiuliza tutamlaza wapi usiku wa mwisho, kabla ya kuzika. Mtu hulazwa kwake. Nimewaambia tutamtoa mochari asubuhi twende moja kwa moja makaburi ya mji. Binti yetu Carolyne analia, anasema tumtafutie hata nyumba ya kuazima. Nimekataa. Ameazima maisha yake yote."

Kalamu ya Mukonyo ilikuwa imesimama juu ya nafasi ile. Chege, aliyekuwa akipiga chapa pembeni, aliacha kupiga.

"Naweza kuiacha wazi," alisema inspekta. "Hawatakataa barua kwa sababu hiyo."

"Usiache." Mama aliweka kikombe chini. "Andika Gatongora."

"Mwaitu..."

"Andika Gatongora, nyumba nambari kumi na nne. Alilala humo siku mbili. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kulala humo kabla yake."

Chege alimtazama mkubwa wake. Mukonyo hakumtazama. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, mpaka mwisho wa mstari. Kisha akasoma kwa sauti, na Mama Mwelu alipomwomba, akasoma tena.